Kusahihisha taipo kwenye nyaraka za Python, mimi nilianza kwa aibu

Mdogo wangu uliyeuliza kama Kiingereza cha kuungaunga kinatosha kurekebisha taipo, yaani makosa madogo ya uchapaji, kwenye nyaraka za Python, ile lugha ya kuandikia programu, kinatosha bana, tena kinakubeba, maana anayekijua sana anapita mbio na jicho lake linajaza lenyewe neno lililokosekana, wewe na mimi tunasoma kama mama anachambua mchele, chuya haiponi.

Ila nikupe yangu kwanza usije ukarudia. Nipo Mbeya, nina kibanda cha kutengeneza simu Mwanjelwa, sasa usiku mmoja wa mwezi wa 7, baridi ile ya huku mnaijua, nimejifunika blanketi laptopu iko mapajani ndo jiko langu, nasoma ukurasa nakuta "iterable", nikasema hee, si juu kule wameandika "iterator"? Nikabadilisha sehemu 3, nikatuma puli rikwesti (ombi la kuwataka wenye mradi wapokee marekebisho yako), nikalala roho kwatu. Kuja kujibiwa, kwa upole kabisa, naambiwa hayo ni maneno mawili tofauti. Na kweli, iterable ni kitu unachoweza kukipitia kimoja kimoja, iterator ndiyo inayokupa kinachofuata kila ukiiwekea next(). List, yaani orodha, ni iterable, unaipitia kwa for bila shida, lakini si iterator, ukiiwekea next() moja kwa moja inakurushia TypeError, ujumbe wa kosa. Mistari miwili tu kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ningejua! Tangu hapo neno la kiufundi siligusi kabla sijajaribu kodi (kodi ya programu, si ile ya TRA).

Kwa hiyo mifano usiisome tu, iendeshe. Ukiona jibu lako halifanani na la kwenye ukurasa usikimbilie kusema wamekosea, angalia toleo lako kwanza, halafu kuna vitu kama seti ya maneno (mkusanyo usio na mpangilio), kila ukiwasha Python upya inaweza kutoka na mpangilio mwingine, hilo si kosa la mtu.

Kingine, ukurasa unaousoma ni wa toleo lililokwishatoka, inawezekana kabisa kosa uliloliona lilisharekebishwa. Nenda docs.python.org/dev uone kama bado lipo. Likiwepo, pembeni ya ukurasa kuna "Show source", inakupeleka GitHub, mtandao wanakohifadhi kodi ya mradi, faili zipo kwenye folda ya Doc, bonyeza penseli, GitHub yenyewe inakutengenezea nakala yako. Rekebisha kwenye tawi la main (ndilo linaloendelea kuandikwa) hata kama wewe unatumia toleo la zamani, wao wakikubali wanaweka lebo na boti moja (programu inayojiendesha, si la baharini) linaitwa miss-islington linahamishia huko nyuma. Kwa taipo tupu huna haja ya kufungua isyu, yaani taarifa ya kosa. Mara ya kwanza utadaiwa kusaini mkataba wa wachangiaji, usiogope.

Uandishi wake ni reStructuredText, sio Markdown (zote ni namna za kuweka alama kwenye maandishi ili yapangike), hapa wengi tunajikwaa: kodi inakaa kati ya bektiki (alama hii: `) mbilimbili, siyo mojamoja. Mimi hii nilirudishiwa mara mbili, sina hata cha kujitetea.

Na usibadilishe sentensi kwa sababu tu wewe ungeiandika vingine. Kila puli rikwesti kuna mtu anaacha shughuli zake aisome, wengi wao wanajitolea. Oktoba 2020 kwenye ile Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia miradi ya programu, watu walimwaga mabadiliko ya ovyo kwenye miradi ya watu wakitafuta tisheti, mtu anaongeza neno "amazing" kwenye README (faili la kuutambulisha mradi) basi, mpaka waandaaji wakabadilisha utaratibu, miradi ikawa inajiunga kwa hiari yake. Ukileta kitu cha namna hiyo usishangae wakikufungia mlango.

Yangu ya kwanza kukubaliwa ilikuwa "the the". Nilifuta "the" moja. Kusaini mkataba kulichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, lakini nilimuonyesha kila fundi wa pale mtaani, hata muuza viazi wa jirani nilimuita aje aone, akaniuliza sasa hapo wamekulipa shilingi ngapi.