Mtoto wa mbwa na jina lake: majibu kwa wasomaji wa Bukavu

*Niko na mtoto wa mbwa wa wiki nane, tunamwita Simba. Nikimwita anaangalia pembeni tu. Nianzie wapi? (Mama wa Bagira)*

Mama, kwa sasa "Simba" ni kelele tu kwake, kama sufuria au redio ya jirani. Atajua ni lake siku litakapoanza kumletea kitu kizuri. Chukua sambaza chache (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), uzichemshe bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), uzikate vipande vidogo kama punje za mahindi. Keti naye chumbani, mlango umefungwa. Akitazama kwingine, sema "Simba" mara moja tu, kwa sauti ya furaha. Akikugeukia, mpe kipande papo hapo. Ukichelewa kwa kupapasa mfukoni, atadhani amelipwa kwa kunusa mfuko.

Asipogeuka, usirudie jina. Ukiliita mara tano mfululizo unamfundisha kwamba nne za kwanza hazimhusu. Sogea karibu, piga ulimi, kisha jaribu tena baadaye. Mara kumi asubuhi na kumi jioni, kabla hajala, zinatosha. Chumbani akishajua, hamia uani.

*Mimi namwita kwa Kiswahili, papa kwa Kifaransa, bibi kwa Mashi. Hatachanganyikiwa? (Kijana wa Kadutu)*

Lugha zenu si tatizo, mdogo wangu. Mwaka 2022 watafiti wa Budapest, Hungaria, walitangaza matokeo ya kupima ubongo wa mbwa 18 waliosikilizishwa Kihispania na Kihungaria, na ubongo wao ulizitofautisha lugha hizo. Kinachomsumbua ni kuwa na majina matatu. Kaeni na bibi mchague moja, fupi, la silabi mbili, lisilofanana na jina la mtoto yeyote wa nyumbani. Wote mlitamke vilevile.

*Aliiba nyama nikamchapa huku nikimwita jina. Sasa nikimwita anakimbilia chini ya kitanda. (Papa wa Panzi)*

Papa, barua yako imeniuma, kwa sababu nimeiona hali hii kwenye parseli (viwanja vya nyumba) nyingi. Tunataka mbwa wa kulinda, tunaanza kwa fimbo, halafu tunashangaa haji tukimhitaji. Mbwa wako hakusahau jina. Amelielewa vizuri sana: jina hilo ni fimbo inakuja. Na nyama hakuihusisha na kipigo, kama ulimchapa baada ya kuimeza.

Mpe jina jipya kabisa, lisilofanana na la zamani hata kwa herufi ya kwanza. Anza naye kama nilivyomweleza Mama wa Bagira, ukiwa umeketi chini, bila kumwinamia. Kwa wiki za mwanzo jina hilo liende na chakula na kubembelezwa tu. Ukitaka kumwogesha au kumfunga kamba, usimwite. Mfuate alipo umchukue. Watoto nao waambiwe: kumkaripia kwa jina lake ni marufuku. Na nyama iwekwe juu.

*Nyumbani anaitika, barabarani hapana. (Dada wa Nguba)*

Kusikia anasikia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walionyesha mwaka 2019 kwamba mbwa hutambua jina lake hata kelele za watu zikiwa na nguvu sawa na sauti inayomwita. Ila kati ya jina lake na harufu ya nyama choma, au motari (dereva wa pikipiki) anayepita, jina linashindwa. Anzia langoni, akiwa na kamba, saa ambazo barabara imetulia, na umpe kitu kitamu kuliko cha nyumbani. Kabla hajachanjwa usimwachie achezee na mbwa wa mtaani. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu.

*Wangu ni mweupe wote, hageuki hata sufuria ikianguka. (Mama wa Muhumba)*

Huenda hasikii. Mbwa weupe kabisa huzaliwa viziwi mara nyingi kuliko wengine. Simama nyuma yake asikuone, piga makofi mbali na mwili wake ili asihisi upepo. Rudia siku mbili tatu, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo. Akiwa kiziwi, jina lake liwe ishara ya mkono, mkiifundisha kwa sambaza vilevile. Usiku mulika tochi ukutani. Akilala, gonga sakafu kwanza kabla ya kumgusa, maana akishtuka anaweza kumng'ata mtoto.