Kabla ya Kuchagua Kati ya Kadi Mpya na Konsoli, Fungua Kasha Kwanza

Kadi mpya ya michoro, kifaa kinachochora picha za gemu ndani ya kompyuta, niliitoa kwenye boksi saa mbili usiku, na haijafika saa mbili na robo nilikuwa nimeshajua kwamba usiku ule sichezi. Kadi ilikaa vizuri kwenye nafasi yake na skrubu zikaingia. Lakini tundu lake la umeme lilitaka plagi ya pini nane, na kebo iliyokuwa ikining'inia ndani ya kasha ilikuwa ya pini sita. Nikapapasa nyuma ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, nikitafuta kebo nyingine. Hapakuwa na nyingine.

Naanza na usiku huo kwa sababu swali ninaloulizwa mara nyingi na wapenzi wa gemu ni hili: kompyuta yangu imechoka, niiboreshe au ninunue konsoli, yaani mashine ya gemu kama PS5 au Xbox? Wengi wanaoniuliza wameshatazama video nyingi za kulinganisha picha za PS5 na za kompyuta, lakini kasha la kompyuta yao hawajawahi kulifungua. Jibu limo humo ndani. Kompyuta mbili zilizonunuliwa mwaka mmoja, zinazokwama kwenye gemu moja, zinaweza kuhitaji majibu tofauti kabisa. Kwetu ilitokea hivyo hivyo, kati yangu na mdogo wangu.

Yangu niliinunua ikiwa imeshaundwa: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-6500, kadi ya GTX 1060 yenye kumbukumbu ya GB 3, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) ya GB 8 katika kijiti kimoja, na diski ngumu ya kuzunguka. Kwa gemu za wakati ule ilinitosha vizuri. Miaka ikapita, gemu zikanenepa, nikaanza kuona picha inakatakata kila nikigeuka haraka, na milango ya ndani ya gemu inachelewa kufunguka.

Hatua ya kwanza niliyochukua ndiyo bora kuliko zote zilizofuata, na ndiyo ya bei ndogo. Nilipuliza vumbi, nikabandua kipoozeo cha prosesa, nikafuta grisi ya joto iliyokuwa imekauka kama chaki, nikapaka mpya. Kisha nikaongeza kijiti cha pili cha RAM kinachofanana na cha kwanza, nikavipachika kwenye nafasi zinazoendana ili vifanye kazi kwa pamoja, na Windows na gemu zangu nikazihamishia kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na SSD ya kawaida kabisa ya SATA, aina inayotumia plagi ile ile ya diski ya kuzunguka, hufika karibu MB 550. Ila kasi ya kusoma mfululizo ni nusu tu ya habari. Gemu huokota vipande vidogo vidogo kutoka huku na kule, na hapo diski ya kuzunguka haifui dafu. Feni zilitulia na milango ikafunguka kwa wakati wake. Nilipata karibu mwaka mzima wa raha, na kama kompyuta yako bado ina diski ya kuzunguka au kijiti kimoja cha RAM, usifikirie konsoli wala kadi kabla hujafanya haya.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo. Nilisoma kila mahali kwamba gemu ni kadi ya michoro, nikanunua RTX 2060 bila kupima chochote.

Hesabu ya umeme ningeweza kuifanya kwa dakika moja. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, hutoa wati 75. Kebo ya pini sita inaongeza 75, ya pini nane inaongeza 150. GTX 1060 hutumia wati 120 hivi, kwa hiyo pini sita zilitosha. RTX 2060 ni wati 160, na 75 kujumlisha 75 ni 150. Zipo kebo za kugeuza zinazouzwa, za kuunga plagi ya pini nane kwenye nyaya za vifaa vingine. Nakusihi usizitumie kwenye pawa saplai dhaifu. Hazina uwezo wa kuongeza umeme ambao haupo, na waya mwembamba uliobebeshwa mzigo usio wake hupata moto hadi kuyeyuka. Nilinunua pawa saplai nyingine, na bahati yangu kasha lilikuwa la vipimo vya kawaida. Kuna kompyuta za kiwandani zenye pawa saplai za umbo lao na plagi zao, na hizo usipozichunguza mapema utajikuta na kifaa kizuri kisicho na pa kuingia.

Wiki iliyofuata kadi ikawaka. Picha zikawa kali, rangi zikapendeza, na kukatakata kukabaki pale pale. Iliniuma sana. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaenda sehemu inayoonyesha matumizi ya kila kifaa, nikaliacha dirisha wazi nikacheza nusu saa katikati ya mji wenye watu na magari mengi. Prosesa ilikuwa asilimia 100. Kadi yangu mpya ilikuwa inapanda na kushuka kati ya 50 na 60. Prosesa yenye kori nne (vitengo vinne vya kufanya kazi) haikuweza kuilisha kazi ya kutosha, basi kadi ikawa inakaa tu ikingoja.

Kipimo hiki ningependa kila mtu akifanye kabla ya kutoa hela yoyote. Zima kwanza kikomo cha fremu (idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde) ndani ya gemu, maana ukikiacha, kadi itapumzika kwa sababu umeiamuru ipumzike. Halafu cheza gemu inayokusumbua, mahali panapokusumbua. Kadi ikiwa 95 na kuendelea muda wote, kadi ndiyo inayokuzuia, na ukiibadilisha utaiona tofauti. Kadi ikiwa chini sana huku fremu ni chache, tazama prosesa. Usidanganyike na asilimia ya jumla ya prosesa: yenye kori nyingi inaweza kuonyesha 40 huku kori moja inayobeba mzigo mkuu imejaa pomoni. Ndiyo maana mimi huamini zaidi namba ya kadi. Tazama RAM pia, na kumbukumbu ya kadi yenyewe, kwa sababu GB 3 za kadi yangu ya zamani zilikuwa zimejaa kwenye karibu kila gemu mpya.

Kwa hiyo prosesa. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa prosesa hainunuliwi peke yake. Inanunuliwa kwa ruhusa ya ubao mama. Ubao wangu ulikuwa wa soketi (tundu la kupachika prosesa) ya LGA 1151, na prosesa za Intel za kizazi cha nane nazo ni za LGA 1151. Kwa macho ni soketi ile ile. Lakini ubao wa kizazi cha sita na cha saba hauzikubali. Mwisho wa safari kwangu ulikuwa Core i7-7700, prosesa ya mwaka 2017, yenye kori nne vilevile. Ningetaka zaidi ya hapo, ningebadilisha ubao, na nikibadilisha ubao ningekuwa nimebakiza kasha, diski na kadi. Windows 11 nayo haiorodheshi prosesa za kizazi cha sita kati ya zinazokubalika, na Windows 10 imefikia mwisho wa huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa na ubao mama vikihitaji kuondoka pamoja, hiyo si kuboresha tena, unajenga kompyuta mpya kidogo kidogo, na ni haki yako kuilinganisha na bei ya konsoli nzima.

Nikanunua konsoli. Nataka kusema wazi kwamba sikujuta, na pia niseme nilichopoteza, maana wauzaji hawasemi.

Nilichopata ni utulivu. Ndani ya PS5, na ndani ya Xbox Series X pia, kuna prosesa yenye kori nane, kumbukumbu ya GB 16 inayotumiwa kwa pamoja na prosesa na michoro, na SSD ya kasi, vyote vikijulikana kwa kila mtengeneza gemu tangu mwaka 2020. Hakuna anayeniuliza kadi yangu ina nini. Gemu nyingi hunipa kuchagua picha nzuri zaidi kwa fremu 30 au picha nyepesi kidogo kwa fremu 60, na mimi huchagua 60 bila kusita. Nikirudi nyumbani nimechoka, nabonyeza pedi ya kuchezea na baada ya muda mfupi niko pale pale nilipoachia jana. Kwa mtu mwenye saa moja tu ya kucheza, hilo lina thamani ambayo chati za fremu hazionyeshi. Zamani sehemu ya saa hiyo niliitumia kusasisha madereva (programu zinazoendesha vifaa) na kugusagusa mipangilio.

Nilichopoteza ni maktaba yangu. Gemu zote nilizonunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwa miaka zilibaki kwenye kompyuta, hazihami. Chache za mtandaoni, kama Fortnite, zinakuja na akaunti yako na vitu vyako vyote, na Xbox ina baadhi ya gemu ambazo ukizinunua mara moja unazicheza pande zote mbili. Zilizobaki unaanza upya. Kwenye kompyuta hulipii ada kwa mwenye jukwaa ili ucheze na wenzako mtandaoni. Kwenye konsoli hizi, gemu za kulipia zinataka usajili ndipo ucheze na wengine, ingawa gemu za bure kama hiyo Fortnite haziutaki. Kwenye PS5 hata kuhifadhi maendeleo ya gemu zake mtandaoni kunahitaji usajili huo. Chukua ada ya mwaka, izidishe kwa miaka unayotarajia kuitumia mashine, jumlisha pedi ya pili, kisha ndiyo ulinganishe na bei ya kadi. Na ukinunua konsoli isiyo na sehemu ya diski, ujue umeacha kabisa kuazimana diski na marafiki na kununua zilizotumika. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kunifanya nichukue yenye diski.

Halafu kuna gemu zenyewe. Kama unapenda gemu za mikakati, zile za kujenga miji na kuongoza majeshi, au unapenda kuongezea gemu vitu vilivyotengenezwa na wachezaji wengine, baki kwenye kompyuta, wala usibishane na moyo wako. Kama huwezi kungoja, fahamu kwamba GTA V ilitoka mwaka 2013 kwenye konsoli na ikafika kwenye kompyuta Aprili 2015, na Red Dead Redemption 2 ilichelewa mwaka mzima, kutoka Oktoba 2018 hadi Novemba 2019. Gemu nyingi kubwa za Sony, watengenezaji wa PS5, zimekuja kwenye kompyuta, ila kwa wakati wake: God of War ya mwaka 2018 iliingia Januari 2022. Lakini kama rafiki zako wote wako upande mmoja, nenda waliko. Nimeona watu wakinunua mashine nzuri kuliko za wenzao na kuishia kucheza peke yao, na baada ya miezi miwili wameiuza.

Sasa mdogo wangu. Alipoona nimeingia konsoli, naye akataka. Kompyuta yake ilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017 na kadi iliyochakaa kuliko ile yangu ya kwanza. Nikamwambia asubiri kwanza nifungue kasha. Ubao wake ulikuwa wa soketi ya AM4, na AMD, watengenezaji wa Ryzen, waliilea soketi hiyo kwa miaka mingi. Mtengenezaji wa ubao ule alikuwa ametoa sasisho la BIOS (programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta) la kuuwezesha kupokea prosesa za Ryzen 5000. Tulisoma orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye ukurasa wa ubao, tukahakikisha ile tuliyoitaka, Ryzen 5 5600, imo. Tukasasisha BIOS huku prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Huo mpangilio usiugeuze: ukitoa ya zamani kwanza, bodi nyingi hazitawaka na ile mpya, na utabaki huna namna ya kuingiza sasisho. Kaa na kompyuta hadi BIOS imalize, na mtu yeyote asiguse swichi.

Tulibadilisha prosesa asubuhi moja. RAM yake ilibaki, ubao ulibaki, na Windows ikawaka bila kuisakinisha upya. Pawa saplai yake ilikuwa na kebo ya pini nane iliyofungwa kwa kamba ya plastiki, haijawahi kutumika tangu siku ya kwanza. Nikaichomoa RTX 2060 kwenye kompyuta yangu, nikairudishia kompyuta hiyo GTX 1060 yake kwa ajili ya kazi na gemu za zamani, nikaipachika ile RTX 2060 kwa mdogo wangu. Tukafungua gemu ile ile iliyonishinda, mji ule ule wenye magari, na lile dirisha la asilimia pembeni. Kadi ikapanda hadi 97, ikakaa hapo.