Registra wapya, "hakufika" si ripoti

Jumanne nilifungua faili ya mgonjwa wa saratani aliye wiki ya nne ya mionzi, nikakuta mwandiko wa mmoja wenu, ninyi madaktari mnaosomea ubingwa: "Hakufika." Chini yake, kesho yake: "Hakufika." Nawapenda, lakini nilitamani kumvuta mtu sikio. Basi sikilizeni.

1. Msilinganishe matokeo yetu ya mionzi na ya wapasuaji mkiwa kwenye chai. Saratani ya kinywa kwanza hupasuliwa. Anayeletwa kwetu bila kupasuliwa mara nyingi uvimbe wake umeshika chini ya fuvu au umeuzingira mshipa mkubwa wa shingo, au moyo na mapafu havihimili nusukaputi, au mwenyewe amekataa kukatwa ulimi. Walio imara wamekwisha kuchaguliwa kabla hamjaamka.

2. Hemoglobini (kipimo cha damu), kreatinini (kipimo cha figo), uzani: kabla ya kuanza, kisha kila wiki. Sigara na ugoro viachwe leo. Meno mabovu yang'olewe mapema, kidonda kipate kama wiki mbili, maana taya lililopigwa mionzi haliponi upesi.

3. Sisplatini, dawa ya kemo inayoambatana na mionzi: lengo ni jumla ya miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Ikiwa ni 40 kila wiki au 100 kila wiki tatu, bishaneni wenyewe. Kwa aliyepita miaka 70, faida ya kemo hupungua sana, kwa hiyo msimmalizie figo kwa ajili ya kufuata karatasi.

4. Siku. Grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), vipindi 35, wiki saba. Mnaikariri vizuri kama salamu za asubuhi. Mimi pia niliikariri.

Nikiwa mwaka wa pili nilikuwa na mzee fundi seremala, uvimbe wa ulimi uliovuka katikati, tezi za shingo pande zote mbili. Vipindi 18 vya kwanza alikuja akitangulia wauguzi. Ikaja Pasaka: Ijumaa Kuu na Jumatatu, siku mbili. Kisha mashine ya mionzi ikalala siku tatu nyingine. Sikuhesabu. Mashine ilipofufuka, mzee hakuonekana. Mpwa wake akapiga simu kutoka Githurai: mjomba ana vidonda mdomoni, hata mate anayameza kwa machozi, tufanyeje? Nikamjibu, kwa sauti ya upole kabisa, "Mwache apumzike kidogo. Akipata nafuu, mlete."

Nafuu! Nilijiona mwenye utu. Kisha nikaandika kwenye faili, siku saba mfululizo, neno lile lile mlilolipenda.

Aliporudi, kilo 58 zilikuwa 49. Mrija wa kulishia sikuwa nimemwekea, kwa kuwa mwanzoni alikula ugali bila taabu nami nikasema tungoje tuone. Wiki ya nne ndipo seli za uvimbe wa aina hii huanza kuzaana kwa kasi, na mimi ndipo nilipozipa likizo. Kila siku inayoongezeka hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa asilimia moja na ushei. Yeye alipoteza siku 12. Alimaliza vipindi vyote 35, nikampongeza, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Miezi minne baadaye uvimbe ulirudi pale pale.

Sitasema likizo yangu ndiyo iliyomuua. Hatua aliyofika nayo ilikuwa mbaya tayari. Lakini mpwa wake aliniuliza mlangoni, "Daktari, si ulisema apumzike?" Nikajifanya kutafuta kalamu.

5. Kwa hiyo siku ikipotea, mjulishe mwanafizikia anayepanga dozi siku hiyo hiyo. Za kufidia zipo: kuna Jumamosi, na kuna vipindi viwili kwa siku vilivyoachana kwa saa sita au zaidi. Vidonda vitulizwe kwa mofini, mgonjwa aendelee. Aliyepungua uzani kabla ya kuanza awekewe mrija kabla ya kuanza. Na ulizeni nauli. Wengi wanaoitwa wakaidi wamekwama kwa nauli au kwa idhini ya bima iliyokwisha, na mtu wa huduma za jamii yuko ghorofa moja tu chini yenu.

Na wewe wa Jumanne: namba ya simu iko ukurasa wa kwanza wa faili, juu kulia. Nimeipiga. Yuko Kayole, anaogopa kuambiwa amechelewa. Kesho saa mbili binti yake anamleta, mpangie mrija na uombe Jumamosi mbili.