Tope la mikokoni: maswali yenu

Baada ya kuandika kuhusu mikoko, miti ya pwani inayoota penye maji ya chumvi, maswali mengi yamekuja kuhusu tope lenyewe.

Mto Sabaki wa Kenya hushuka na maji mekundu. Mbona tope lote lisiishie baharini?

Jingi huishia huko, na Malindi wanalijua, maana ufuo wao umejaa mchanga wa mto huo. Lakini chembe za mfinyanzi zikikutana na chumvi hugandana, zikawa nzito, zikazama. Jaribu: chota maji ya tope ya mtoni kwenye chupa mbili, moja tia kijiko cha chumvi. Ya chumvi itang'aa mapema. Mkondo ukiwa na kasi, hata mabonge hayo hubebwa. Hutua pale bahari inapojaa ikasimama kidogo kabla ya kupwa, hasa penye mizizi inayoyavunja maji mwendo.

Kwa nini kingo za hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, ziko juu kuliko ndani ya mikoko?

Maji yakishapanda ukingo hupoteza kasi papo hapo, yakatua mizigo yao mizito, mchanga kwanza. Mfinyanzi laini ndio huingia ndani. Yakifika kwenye mikandaa (aina ya mikoko) huko nyuma, maji hayana tena cha kuacha. Isitoshe, sehemu za juu hufikiwa na bamvua tu, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, hukaa kavu, hazipati kitu.

Basi tope likizidi, mikoko itanawiri?

Hapana! Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi katika hori la Mwache, Mombasa, na mikoko mingi ikafa. Mizizi yake hupumua kupitia vitundu vidogo. Vikifukiwa kwa mpigo, mti hukosa hewa. Tope lifike kidogo kidogo.

Na Mto Rufiji wa Tanzania, baada ya bwawa?

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, chini ya makutano ya mito ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Maji yakisimama bwawani, tope hutua humo. Mimi ningechunga midomo ya delta kwanza, kwani huko mawimbi hula ardhi kila siku, na kilichokuwa kikiifidia ni tope la mto.

Tulipanda miche kwenye tope tupu mbele ya mikoko, ikafa yote.

Pale pako tupu kwa sababu: ni chini mno, maji hukaa muda mrefu. Kwa picha za viongozi panapendeza, kwa mche hapana. Angalieni miche iliyojiotea iko kimo gani, mpande hapo. Na kama kuna tuta lililoziba maji, lifungueni kwanza. Huenda msihitaji kupanda kabisa.