Umeiona Jumatano, Kaione Jumamosi

SWALI

Mjomba, shikamoo. Mimi na mume wangu tumepata nyumba inayouzwa, imepakana na uwanja wa gofu. Sebule ina dirisha kubwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na ukitazama nje unaona nyasi na miti tu, kimya kabisa. Dalali alitupeleka Jumatano saa tisa alasiri, tukakaa kibarazani karibu saa nzima bila kutaka kuondoka. Anasema anayenunua pale anakuwa mwanachama wa klabu moja kwa moja, na kwamba mandhari ile hakuna atakayeiziba milele. Sisi wenyewe hatuchezi gofu. Tuna mtoto wa miaka minne na tunataka kumfungia bembea uani. Nyumba iko kando ya shimo la saba, yaani kile kipande cha uwanja kinachoanzia wanapopiga mpira wa kwanza hadi kwenye shimo lenyewe. Ukisimama pale wachezaji wanapoanzia kupiga, iko mkono wa kulia, kama hatua 240 mbele. Ndugu zetu wanasema tunajitafutia balaa, ila hawasemi balaa gani. Wewe unaonaje?

Mama Bembea

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishtua ni kile ulichokitaja mwishoni kama jambo dogo: mkono wa kulia, hatua 240. Mimi na mke wangu tulikaa miaka tisa kwenye nyumba iliyosimama hivyo hivyo, kwa hiyo hapo nitasema mengi.

Wachezaji wengi hupiga kwa mkono wa kulia, na kosa linalowaandama wale wasio mafundi ni mpira kupinda kulia badala ya kunyooka. Hizo hatua 240 nazo ndiko mpira wao wa kwanza unakochoka. Kwa maneno mengine, nyumba mnayoitaka ipo pale pale makosa yanapotua. Ingekuwa nyuma ya wanapoanzia kupiga ningekujibu kwa mistari mitatu na kukupongeza. Mpira wa gofu, kwa kanuni za mchezo, hauzidi gramu 45.93. Ni kitu cha kufumbata mkononi. Lakini hata ukipigwa na mtu wa kawaida huondoka kwenye fimbo kwa kasi inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa. Mmoja ulipita kwenye kioo cha bafuni kwetu, na nilipokwenda kutazama niliukuta umetulia ndani ya sinki kama sabuni.

Kuna na hili ambalo dalali hawezi kukuambia, pengine hata halijui. Mpaka wa uwanja huwekewa vigingi vyeupe. Mpira ukivuka vigingi kuingia kwako, mchezaji haruhusiwi kuupiga kutoka uani pako. Anaongezewa pigo moja la adhabu na kurudi alikopigia kwanza, apige tena. Sasa fikiria mtu aliyekwisha kasirika, anapiga kutoka pale pale, kwa mkono ule ule. Mara nyingi tulikuwa tukiusubiri wa pili.

Mke wangu aliweka ndoo mlangoni. Kila mpira aliouokota aliuandikia siku na tarehe kwa kalamu ya wino mzito, mimi nikimcheka. Mwaka ulipoisha tukaimwaga sakafuni tukahesabu: 212. Ya Jumamosi na Jumapili ilijaza karibu ndoo nzima. Ya Jumatano ilikuwa sita. Dalali wako anaijua kazi yake.

Kwa hiyo rudini Jumamosi, bila yeye. Fikeni saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijachomoza, kwa sababu nyasi zinazozunguka mashimo hukatwa mapema ili wachezaji wakija wazikute tayari, na mashine zile hazina adabu ya kunong'ona. Kisha kaeni hadi saa nne. Tazameni chini ya vichaka, kwenye mifereji ya paa, kwenye kuta za upande wa uwanja kama zina vidonda vya mviringo. Tazameni majirani wamefanya nini na madirisha yao. Mkiona wavu mrefu kwa jirani, mmejibiwa. Mkiona jirani mwenyewe, msimuulize kama anapapenda, maana kila mtu anapapenda kwake. Muulizeni anaokota mingapi kwa wiki.

Baada ya hilo, hati. Mpe wakili wako aisome yote pamoja na masharti ya mtaa, na umwambie hasa unachotafuta: kama kuna kipengele kinachoruhusu mipira kuingia kwenye kiwanja chako, na kama kinakunyima haki ya kudai fidia. Vipengele hivyo vipo kwenye mitaa mingi iliyojengwa pamoja na viwanja vya gofu. Kule Massachusetts, Marekani, familia moja ilinunua nyumba kando ya shimo la 15 mwaka 2017, ikapigwa na mamia ya mipira, ikashitaki klabu. Baraza la wazee wa mahakama likawapa karibu dola milioni 5 pamoja na riba. Desemba 2022 mahakama ya juu ya jimbo ikaitengua hukumu hiyo, kwa sababu hati za mtaa hazikuwa zimesomwa na kueleweka ipasavyo kwa ujumla wake. Maneno ya kwenye karatasi yana nguvu kuliko kioo kilichovunjika. Muulize pia mtu wa bima, kabla ya kusaini, vioo vinalipiwa mara ngapi na sehemu gani unabeba mwenyewe. Lile dirisha lako kubwa litahitaji kioo chenye utando katikati, kisichomwagika vipande, na bei yake si ya kioo cha kawaida.

Uanachama: hautoki kwenye nyumba mpaka uuone umeandikwa. Mara nyingi ni mkataba mwingine wenye ada zake, na pengine unalazimika kulipa hata kama fimbo hujawahi kuishika.

Na hiyo “milele” ya dalali. Nyasi mnazozitazama ni mali ya mtu, naye anaweza kuchoka. Marekani, tangu 2006, viwanja vinavyofungwa vimekuwa vikizidi vinavyofunguliwa, na vingine vimegeuzwa nyumba. Ulizeni ardhi ni ya nani, na mipango miji inaruhusu nini juu yake klabu ikifa.

Kuhusu dawa za nyasi, kwa kuwa mna mtoto: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2025 ulikuta uhusiano kati ya kuishi karibu na viwanja vya gofu na ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke. Haukuthibitisha kwamba viwanja ndivyo chanzo, na mimi sitakutisha kwa hilo. Lakini msimamizi wa nyasi ana daftari la alichopulizia na siku aliyopulizia. Mwombe akuonyeshe. Sisi tulipewa siku za kupulizia, na siku hizo madirisha ya upande ule hayakufunguliwa.

Umeniuliza naonaje. Nyumba hiyo, kwenye upande huo, mimi nisingeinunua, hata kibaraza kinisihi. Muulizeni dalali kama mtaa huo huo una nyumba nyuma ya pale wanapoanzia kupiga. Mtaamshwa na mashine na mtasikia watu wakijilaumu kwa sauti, basi.

Mkiamua kuchukua hiyo hiyo, bembea ifungeni upande wa barabarani, nyumba iwe katikati yake na uwanja. Na mtoto afundishwe mapema: akisikia mtu anapiga ukelele wa “Foo!” kutoka kule, ndilo onyo la wachezaji kwamba mpira unakuja, asiinue uso kutafuta. Ajikunje, mikono kichwani. Mke wangu, miaka tumeshahama, bado hufanya hivyo mtu akiita kwa sauti sokoni.