Demani ifungwe au ishikwe mkononi?

SWALI: Shikamoo nahodha. Nina mashua ya mbao ya futi 20, mlingoti mmoja, tanga moja. Nimeinunua Pangani ikiwa imeshatumika, na kuendesha nimejifunza kwa kuangalia wenzangu tu. Maneno yananichanganya: joshi, demani, henza, foromali. Hivi demani si msimu wa mwaka? Kwa nini tusiseme kamba ya kulia na kamba ya kushoto, mambo yakaisha? La pili, upepo ukizidi kidogo mashua inalala upande mpaka maji yanachungulia ndani. Aliyeniuzia kanishauri niongeze mawe ya farumi, yale ya kuipa uzito chini, na demani niifunge barabara kwenye taruma, ule ubao wa ndani, ili nibaki na mikono miwili ya kuvulia. Anasema pia nikishonesha tanga kubwa zaidi nitawahi soko. Nifuate lipi? (Mvuvi, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kati ya hayo matatu usifuate hata moja, na hilo la kufunga demani litoe kichwani leo, kabla hujaishusha tena mashua majini. Swali hili linanijia kila kusi, upepo wa kusini, ikianza. Hubadilika jina la mji tu. Mshauri ni yuleyule, mtu aliyeuza chombo na asiyekuwa na safari ya kukipanda.

Tuanze na maneno, maana ndiko ugonjwa ulikoanzia. Henza ni kamba inayopandisha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Hupita kwenye gofia, gurudumu la kupitishia kamba, kule juu ya mlingoti, na ukishatweka, henza hufungwa, tena hufungwa kwelikweli, kwa sababu ikiachia foromali itawashukia vichwani. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, ile inayokuja huku tezi, nyuma ya chombo, kwako wewe uliyeshika usukani. Hiyo ndiyo inayoliambia tanga lichukue upepo kiasi gani. Mtu anayeziita zote "kamba" anaona moja imefungwa, basi anadhani na ya pili haki yake ni kufungwa. Kosa lote liko hapo, na ndiyo maana mimi sikubali mwanafunzi wangu aseme "ile kamba".

Ndiyo, demani ni msimu pia, ile miezi ya mwisho wa kusi upepo unapolegea na bahari ikatulia. Lakini nahodha akipiga kelele "legeza demani!" hazungumzii miezi.

Kuhusu kulia na kushoto: toka Tanga na kusi uende Pemba, upepo utakuwa mkono wako wa kulia. Rudi na kusi hiyohiyo, umehamia kushoto, na tanga nalo limehamia upande wa pili. Kamba uliyoiita ya kulia asubuhi, jioni unaiitaje? Kwa hiyo wazee waliupa jina upande upepo unakotoka, wakauita joshi, na upande unakokwenda wakauita wa demani. Majina hayo yanafuata upepo, hayafuati chombo. Wala si ushamba wa pwani. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zimejengwa juu ya fikra hiyohiyo: vyombo viwili vya tanga vikiwa na upepo upande mmoja, kilichoko joshini humpisha mwenzake aliyeko demanini, na kama kimoja kina upepo kushoto na kingine kulia, mwenye upepo kushoto ndiye anayepisha. Asiyejua joshi yake iko wapi hajui hata nani ampishe nani.

Omo (mbele ya chombo), tezi, mkuku (mti wa chini kabisa unaobeba chombo) na mlingoti hukuuliza, nadhani unavijua. Tuje kwenye kinachoniudhi.

Demani haifungwi fundo. Upepo hauji kama maji ya bomba, sawasawa mchana kutwa. Unakuja kwa mikupuo. Na hapa kuna hesabu ambayo wauza mashua hawaijui au hawaitaki: upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake kwenye tanga haiongezeki maradufu, inakuwa mara nne. Umetoka na noti 10, kama kilomita 18 kwa saa, mashua imetulia, unatia chambo. Wingu jeusi linapita, unapigwa na noti 20. Tanga lile lile, mashua ile ile, mzigo mara nne, na demani imefungwa. Tanga haliwezi kuutema upepo kwa sababu umelikaba koo. Chombo hakina njia nyingine ila kulala.

Mwaka mmoja, Julai, nilikuwa narudi Nungwi kutoka upande wa Mnemba. Mbele yangu ilikuwepo mashua ya vijana wanne, haizidi yako ukubwa. Nililiona giza la upepo likija juu ya maji, ile rangi unayoiona bahari inapokunjamana ghafla, na wao pia waliliona, maana mmoja alisimama. Aliyeshika usukani aliirukia demani. Walikuwa wameifunga kwa kamba ya katani, na wewe wa Tanga sina haja ya kukueleza katani ikilowa inakuwaje: inanenepa, fundo linakuwa jiwe. Alikwangua kwa kucha. Kisha akainama akaanza kung'ata. Mpaka leo nikifumba macho ninamwona yule kijana, mashua imelala, ukingo umeingia majini, na yeye ananing'inia kwenye fundo kwa meno. Kisu walikuwa nacho. Kilikuwa chini ya kikapu cha chambo, na kikapu kilishaelea.

Tuliwaokota wote wanne, alhamdulillahi. Na mashua yao haikuzama. Ilijaa maji mpaka ukingoni ikabaki inaelea kama gogo, wakiishikilia. Unajua kwa nini? Hawakuwa na mawe ndani.

Tumefika kwenye farumi, basi. Mbao huelea, jiwe halielei. Mashua ya mbao isiyo na sitaha, ikijaa maji bila mawe, itakuchosha na kukuaibisha, lakini utakuwa na kitu cha kushika. Itie mawe, siku ikijaa itakwenda nayo chini. Kisha mawe yasiyofungwa yana tabia moja mbaya: mashua ikiinama demanini, nayo yanabingirikia demanini. Ule uzito uliowekewa matumaini ya kukuinua ndio unaokumalizia. Majahazi makubwa yaliyokuwa yakibeba boriti za mikoko kwenda Uarabuni na kurudi na tende yalihitaji uzito chini, ni kweli, na shehena yenyewe ndiyo iliyokuwa uzito huo, imepangwa na watu waliojua kupanga. Yale yalikuwa na kimo na yalikuwa na tumbo. Yako ni futi 20 na iko wazi. Ukilazimika kabisa kuwa na farumi, siku unatoka mtupu, tumia mchanga kwenye magunia, yalaze chini kabisa pande mbili za mkuku, na yafunge yasisogee. Ukipata samaki, mchanga umwage.

Kabla hujafikiria mawe, lakini, chungulia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo maji yanakotuama. Wazee wanasema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mimi nikiitwa kutazama chombo kinacholala, ngamani ndiko ninakoanzia. Mashua iliyotumika, kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, imechoka, maji yanaingia kidogokidogo mchana kutwa chini ya mbao za kukanyagia wala huyaoni. Chombo kikiinama, yote yanakimbilia upande ulioinama. Yafue uyatoe nje. Pandisha mashua mchangani wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ikague mishono ya mbao, ikalafatishe kwa pamba mpya. Huenda nusu ya tatizo lako ikaishia hapo, na haitakugharimu kama tanga jipya.

Nusu ya pili iko mkononi mwako. Zungusha demani mara moja, au mara mbili upepo ukiwa mkali, kwenye taruma au kwenye kipande cha mti kilichopigiliwa kwa kazi hiyo, halafu ncha ibaki mkononi. Ule mzunguko ndio unaobeba uzito, mkono wako unazuia tu isiteleze. Ukiachia vidole, inakimbia yenyewe. Tanga litapepea kama kanga kwenye kamba ya kuanikia, makelele mengi, lakini mashua itainuka. Kwa hiyo mashua ikianza kulala, cha kwanza ni demani. Wala usiiachie yote kwa kila kamkupuo; ilegeze mpaka ukingo urudi juu, kisha ivute tena. Cha pili, elekeza omo joshini kidogo, upepo ulipige tanga kwa ubavu mwembamba. Kidogo, nimesema. Ukipitiliza, upepo utaliingia tanga kwa mbele, utalibana kwenye mlingoti, na hapo hata demani haikusaidii. Cha tatu, waliomo wahamie joshini. Mtu ni farumi nzuri kuliko zote kwa sababu anasikia akiambiwa asogee.

Na mikono miwili ya kuvulia? Mwanangu, ama unaendesha tanga ama unavua. Ukifika kwenye fungu la kuvulia, tua tanga, tia nanga, vua kwa mikono yote uliyopewa na Mungu. Ukitaka kukokota mshipi njiani, chukua mwenzako.

Tanga kubwa sitalipotezea muda. Mashua isiyopanda juu ya maji ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake. Ya futi 20 haiendi mbali zaidi ya noti 6 hata uitandikie turubai la lori. Ukishafika hapo, kitambaa kinachozidi hakikuongezei mwendo, kinakulaza tu, tena kwa kukusukumia juu ambako mlingoti una nguvu ya kukupindua. Kinyume chake, miezi ya Juni na Julai wenye akili hubadili na kuweka tanga dogo. Kama una pesa ya kushonesha, shonesha hilo, na mwambie fundi dasi, ile kamba inayoshonewa kingo za tanga, iwe imara pande zote, maana tanga huchanikia pembeni.

Ninayoyasema hayaishii kwako. Kuna watu siku hizi wanafundisha unahodha kwa siku mbili. Kijana anatoka kijijini kwake hajui kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, hajui bamvua na maji mafu yasiyojaa sana, anapewa fulana na cheti, jioni ya tatu anapandisha watalii 10 kwenda kutazama jua likizama. Nimeuliza baadhi yao demani ni ipi, wakanionyesha henza. Mmoja alinijibu kwamba wao wanafundishwa kwa video. Sina ugomvi na video, ila video niliyoonyeshwa ilikuwa ya yoti, mashua ya starehe, ya Ulaya, ambayo ina chuma kizito chini ya mkuku kinachoirudisha ikilala, na demani yake inabanwa kwenye kidude chenye meno kinachofunguka kwa mtikiso mmoja. Kijana ameona kamba "imefungwa", akaja kufunga yake fundo tatu kwenye mashua isiyo na chuma wala meno. Wengine nao wameniambia chombo chao kina kinga ya mganga, imezikwa omo, hakipinduki. Kama kinga ile inajua kufungua fundo la katani lililolowa, nionyesheni.

Mafundi wa kweli wapo, Nungwi wapo, Lamu wapo, Pangani kwenyewe ulikonunua wapo. Utawajua: ukiwauliza kwa nini chombo kinalala, hawakujibu kabla hawajapanda, hawajachungulia ngamani na hawajakuuliza ulikuwa umeshika nini mkononi. Anayekujibu hapohapo kwa kutaja bei ya tanga, msalimie uende zako.

Kisu chako, kifunge kwa kamba fupi karibu na mkono unaoshika usukani, kiwe wazi, kisitumike kukatia chambo. Na siku utakapokuwa abiria kwenye chombo cha mwenzio, kabla hamjang'oa nanga, fuata demani kwa macho kuanzia kwenye tanga mpaka inapoishia. Ikiishia kwenye mkono wa mtu, kaa. Ikiishia kwenye fundo, teremka maji yakiwa bado magotini, hata kama nauli hairudishwi.