Barua kwa mwanangu: hilo swali la mpiga gitaa namba moja

Mwanjelwa, Mbeya

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara mbili ni kwa ajili ya swali lenyewe, ya tatu ni kwa ajili ya kukusikia unavyocheka. Unasema mlikuwa mnakula mchana hapo kazini Dodoma, ukazuka ubishi: nani mpiga gitaa mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea duniani? Mmoja akamtaja Jimi Hendrix, mwingine akamtaja Franco wa Kongo, wewe ukamtaja Mbaraka Mwinshehe, meza nzima ikakucheka. Sasa unataka mimi, niliyekaa miaka kumi na mbili kwenye kibanda cha kurekodi kanda, niwe mwamuzi. Nakujibu kwa barua maana simu yangu nikiandika maneno mengi inaganda. Halafu kuna kitu nakutumia ambacho hakipiti kwenye simu.

Nianze na wewe. Waliokucheka wamekosea, lakini na wewe ulijibu kivivu. Ulimtaja Mbaraka kwa sababu ni wetu, ukaishia hapo. Mtu hatetewi hivyo. Sema kwamba alizaliwa 1944, akapiga gitaa la solo, lile linaloongoza, na kuimba katika Morogoro Jazz, akaenda na bendi hiyo mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, kisha akaanzisha Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari huko Kenya Januari 1979 hata miaka 35 hajafikisha. Halafu sema alichokuwa anafanya. Anaimba mstari mmoja, ananyamaza, gitaa linamjibu kwa sauti ileile ya kulalamika, kama watu wawili wanaosemezana uani usiku ili watoto wasisikie. Mimi namtambua kabla hajafungua mdomo.

Na kama kuna mtu hapo mezani anamsifia B.B. King, mpiga blues wa Marekani, mwambie hivi: yule mzee alikuwa akisema mwenyewe kwamba hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Anaimba, ananyamaza, gitaa lake aliloliita Lucille linajibu. Kwa King wanaiita akili kubwa, kwa Mbaraka wanacheka. Kwa nini?

Hendrix nakuomba usimdharau kwa hasira za ubishi. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, akachukua gitaa la watu wa mkono wa kulia akaligeuza juu chini, nyuzi akazipanga upya. Umaarufu wake haukuzidi miaka minne, maana alifia London Septemba 1970 akiwa na miaka 27. Lakini mimi namheshimu kwa jambo ambalo fundi redio ndiye anayelielewa. Ule mlio wa kukwaruza, ule mluzi wa spika inapokaribiana na gitaa, mimi ningeletewa ningefungua amplifaya nikatafuta kapasita iliyokufa. Kwetu ule ni ugonjwa. Yeye aliuchukua ugonjwa akaufanya wimbo. Jarida la Rolling Stone lilipopanga wapiga gitaa 100 mwaka 2003 lilimweka wa kwanza, 2011 likamweka wa kwanza tena, na sioni ajabu. Ningekuwa Mmarekani pengine na mimi ningeishia hapo.

Wako wengine wa Ulaya, mmoja tu nimtaje: Django Reinhardt. Mwaka 1928 gari lake la kuishi liliungua, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikapooza, akajifunza upya kupiga solo kwa viwili vilivyobaki. Mimi vyangu viko vizima na sijawahi kutoa hata wimbo mmoja wa harusi.

Sasa nikuambie nilivyojifunza mwenyewe kupima wapiga gitaa. Sikujifunza kwa masikio, nilijifunza kwa kuangalia utepe. Watu walikuwa wananirudishia kanda zilizochoka, sauti imefifia, wanataka niwarekodie upya. Nikiutoa utepe nikautazama kwenye mwanga wa mlangoni, karibu wote ni kahawia inayong'aa, ila kuna mahali pamepauka na kujikunja kingo kama jani la mgomba lililopigwa na baridi ya Juni. Hapo ndipo mwenye kanda alikuwa akisikiliza, anarudisha nyuma, anasikiliza, anarudisha tena. Nikiirudisha kwenye redio nikaisogeza hadi hapo, karibu kila mara nakuta mwimbaji kanyamaza na gitaa limeshika njia.

Kwa kipimo hicho, hapa Mwanjelwa Franco hakuwa na mpinzani. Na alianza pa chini: mama yake alikuwa akiuza maandazi sokoni kule Kinshasa, gitaa lake la kwanza lilikuwa la debe na nyaya, kama yale mliyokuwa mkijitengenezea nyinyi kwa galoni za mafuta. Mwaka 1956, akiwa na miaka 17, akaanzisha bendi ya OK Jazz na wenzake, akakaa nayo mpaka anakufa Oktoba 1989. Ukimsikiliza vizuri hakimbizi vidole kabisa. Anapiga nyuzi mbili kwa pamoja, kidole gumba na cha shahada, kijimaneno kifupi, anakirudia, anakirudia, unasema sasa atabadilisha, habadilishi, na miguu yako imeshaanza kucheza bila kukuomba ruhusa. Kukimbiza vidole ni mazoezi. Kurudia kitu kimoja dakika nne watu wasichoke, hilo silijui jina lake.

Wapenzi wa Dr Nico, Mkongo mwenzake, hawakukubali, na walikuwa na hoja. Nico gitaa lake lilikuwa safi, kila uzi unasikika peke yake kama maji yanavyodondoka kwenye ndoo. Lile solo la Indépendance Cha Cha la mwaka 1960 ni mkono wake. Siku moja dereva wa lori la Lusaka na mwuza maharage mmoja walibishania hao wawili mbele ya kibanda changu hadi meza ikapinduka. Kanda zikaingia kwenye tope, na waliopinduana wakaondoka wakiwa wameshikana mabega wanakwenda kunywa. Aliyebaki anaosha kanda ni mimi.

Na kama watu wenu wanadhani Afrika iko daraja la pili, wakumbushe Septemba 1974. Kinshasa kulikuwa na tamasha lililopangwa kusindikiza pambano la ngumi la Ali na Foreman (pambano lenyewe likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba), na B.B. King na Franco walipiga kwenye tamasha hilohilo. Hakuna aliyepewa kiti cha nyuma.

Mama yako amepita hapa akaniuliza naandika nini. Nikamweleza. Akasema solo ni mtu anayejisemea, yeye anamsikiliza wa rithimu, yule anayeshikilia mapigo nyuma yake. Nilitaka kubisha nikashindwa. Chukua Sina Makosa ya Les Wanyika. Kila mtu kuanzia Tanga mpaka Sumbawanga anaweza kuimba lile gitaa kwa mdomo, lakini uliza nani alikuwa anapiga rithimu kwenye bendi ile, wachache watakutajia Omari Shabani. Wa solo akikosea, watu wanadhani amebuni kitu. Wa rithimu akikosea, ukumbi mzima unajikwaa. Kwenye hizo orodha zao wa rithimu utawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa jibu langu. Mpiga gitaa niliyemweka wa kwanza hapo mezani kwenu hakutajwa: Mwenda Jean Bosco wa Katanga, kule Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao siku hizi unaitwa Likasi, akamrekodi Masanga. Hana bendi, hana umeme, hana hata wa kumpigia makofi. Kidole gumba kinatembea na besi, cha shahada kinapiga solo, na katikati yao kuna rithimu ambayo sijawahi kujua inatoka kidole gani. Anayeisikia mara ya kwanza huuliza wako wangapi. Na alikuwa akiimba kwa Kiswahili, kile cha kwao Katanga chenye ladha yake, ila unaelewa. Sahani zake za santuri zikashuka mpaka kwenye migodi ya Zambia, na kutoka huko mtindo ule ukapanda kwa miguu na kwa baiskeli, ukavuka Tunduma. Alikufa 1990 kwa ajali ya barabarani hukohuko Zambia.

Kwa hiyo kama wanataka namba, waandikie: Bosco, Franco, Hendrix. Mbaraka muweke unapotaka ndani ya kumi, ila uwe na sababu.

Najua utasema Bosco nimempendelea. Ni kweli, na sababu unaijua nusu. Babu yako, mumeo yule, alitoka Rungwe kwenda Kitwe kuchimba shaba kama vijana wengi wa Kinyakyusa wa enzi zile. Akarudi na baiskeli, mablanketi mawili na gitaa lenye ufa kwenye tumbo. Akitaka kupandisha sauti alikuwa anakata kipande cha penseli, anakilaza juu ya nyuzi shingoni, anakikaza kwa mpira wa baiskeli. Halafu kidole gumba kinaanza kutembea. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nazunguka nyuma ya kiti chake nikimtafuta mtu wa pili anayepiga. Bibi yako alikuwa ananicheka mpaka machozi.

Nusu usiyoijua ni hii. Mwaka 1987 nilimleta mjini, nikamkalisha kwenye stuli pale kibandani baada ya kufunga, nikamrekodi upande mzima wa kanda ya dakika 60. Nusu saa kamili, bila kusimama. Sasa kanda ina vile vidude viwili vidogo nyuma, ukivivunja haiwezi kurekodiwa tena. Kila mteja nilikuwa namwambia avunje. Ya kwangu sikuvunja. Wiki mbili baadaye nikiwa na foleni ya wateja wa sikukuu niliichukua nikidhani ni kanda tupu, nikamrekodia mtu sahani ya Franco. Ilikuwa desturi yangu kusikiliza mwisho wa kila upande kabla ya kumpa mteja. Sahani ikaisha, kukawa kimya kidogo, halafu nikamsikia baba yangu anakohoa.

Mteja nilimpa nyingine. Ile nikakaa nayo siku nne sijui nitamwambiaje, hatimaye nikapanda gari mpaka Tukuyu nikamwambia. Alikuwa anamenya ndizi. Akaniuliza, "Huyo uliyemweka juu yangu, anapiga vizuri?" Nikamjibu anapiga vizuri. Akasema, "Basi hajanionea," akaendelea kumenya. Nilimwomba turudie. Akasema nisubiri mavuno yaishe, na mavuno yalipoisha vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa, anashika kikombe kwa mikono miwili. Hatukurudia.

Kwa hiyo ndani ya gunia la viazi vya Uyole, upande wa chini, utakuta soksi yangu ya bluu. Kanda iko humo. Nimempa kondakta wa basi la alfajiri, usingoje akupigie, mwahi wewe stendi. Redio ya kanda utaipata kwa mafundi, usikubali zaidi ya bei ya mkungu wa ndizi, na usafishe hedi, kile kichuma kinachogusa utepe, kwa pamba na spiriti kabla hujaweka kitu. Ni upande B. Mwache Franco apige mpaka amalize, usimpeleke mbele, utepe ule ni mzee na ukiuvuta utakatika. Atakapokoma utasikia kimya, kikohozi, halafu kidole gumba kinaanza. Zimebaki dakika sita. Wapigie hao wenzako hizo dakika sita kabla hujawaambia ni nani, uwasikie wanahesabu wapiga gitaa wangapi.

Vile vidude vya nyuma nimeshavivunja.

Baba yako